Mkufunzi wa chuo, hesabu saa zako: mwongozo kwa walimu wa vyuo vya Arusha na Moshi

Mwalimu mwenzangu, nianze na bahasha.

Mwezi wa saba, baridi ya Arusha ikiwa imeshika kweli, nilirudi chumbani kwangu Njiro na bahasha tatu za kaki zenye karatasi za majibu 180. Mtihani ulikuwa na maswali matatu ya kujieleza. Niliweka simu mezani nikapima muda. Karatasi moja ilinichukua dakika 8, hapo bado sijajumlisha alama wala kuzihamishia kwenye fomu ya matokeo. Piga hesabu: 180 mara 8 ni dakika 1,440, yaani saa 24. Siku nzima, usiku na mchana, bila kula wala kulala. Kwenye ratiba ya chuo kazi hiyo haikuwa na mstari hata mmoja. Ratiba ilisema nina vipindi vya saa 20 kwa wiki, na mkuu wangu wa idara, mtu mwema tu, alikuwa ananiambia kwa moyo mweupe kwamba mzigo wangu ni mwepesi, nikae tayari kuongezewa somo.

Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anasoma karatasi aliyonayo. Ya kwangu hakuwa nayo, kwa sababu sikuwahi kuiandika.

Mikoa yetu hii miwili imejaa vyuo. Kuna vikongwe kama Ushirika na Mweka kule Moshi, vyote vya 1963, Chuo cha Ufundi Arusha cha 1978, vyuo vilivyojipanga Tengeru, halafu vyuo binafsi vya afya, utalii, ualimu na biashara ambavyo vingine viko ghorofa ya pili juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Nawaandikia zaidi ninyi wa vyuo vidogo vya kati, mnaofundisha ngazi ya cheti na diploma, kwa sababu huko ndiko mwalimu anakuwa mkufunzi, mlezi, msimamizi wa mitihani na mpokea simu za wazazi kwa mshahara mmoja. Wa vyuo vikuu mtachukua yanayowahusu.

HATUA YA KWANZA: Hesabu wiki mbili kabla hujalalamika

Nunua daftari dogo la kurasa 48. Kwa wiki mbili mfululizo, za kawaida, zisizo na likizo wala mahafali, andika kila kazi ya chuo: ulianza saa ngapi, ukamaliza saa ngapi, ulikuwa unafanya nini. Andika siku hiyohiyo. Ukisubiri Ijumaa utakisia, na makisio hayasimami mbele ya mtu yeyote.

Weka ndani yale tunayoyasahau. Dakika 40 za kumsikiliza binti aliyetaka kuacha chuo kwa sababu ya ada. Jioni ya kusoma taarifa za mafunzo kwa vitendo. Jumamosi ya kikao cha matokeo. Kuandika maswali ya jaribio, kuyachapa, kupanga foleni ya kutoa kopi, kurudi kwa sababu wino umeisha. Safari ya kutoka nyumbani kwenda chuoni usiiweke, hiyo si saa ya kazi kwa mwajiriwa. Lakini chuo kikikutuma kwenda kukagua wanafunzi walio mafunzoni Karatu au Same, saa za njiani ni kazi.

Daftari langu la kwanza lilitoka hivi kwa wiki: vipindi saa 20, maandalizi 9, kusahihisha 11, wanafunzi na taarifa zao 6, vikao na fomu 4, zamu 3. Jumla 53. Nilikaa nikaitazama ile namba muda mrefu. Miaka yote nilidhani nachoka kwa sababu nimezeeka.

Sasa sheria inaingia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, 9 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Ukifanya kazi saa 5 mfululizo unastahili mapumziko ya dakika 60. Saa za ziada zinafanyika kwa makubaliano, hazipaswi kuzidi 50 ndani ya wiki nne, na zinalipwa si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Kama kazi yako ni kusimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri, vifungu hivyo vya saa huenda visikuhusu, kwa hiyo wakuu wa idara soma vizuri kabla ya kuvitegemea.

Kupata ujira wa saa kutoka mshahara wa mwezi, gawanya kwa 4.333 upate wiki, kisha gawanya kwa 45. Kwa mshahara wa shilingi 780,000, saa moja ni kama shilingi 4,000, na saa ya ziada ni 6,000. Saa zangu 8 za ziada kwa wiki zilikuwa 32 kwa wiki nne, sawa na shilingi 192,000 ambazo hakuna aliyezitaja.

Nitasema ukweli ninaouona: vyuo vichache sana binafsi vitakulipa hiyo 192,000 kwa sababu umeonyesha daftari. Watakwambia hawakukubaliana na wewe usahihishe usiku, na neno makubaliano lipo kwenye sheria. Thamani ya namba hiyo ni mezani. Anayekwambia mzigo wako ni mwepesi hawezi kulisema tena neno hilo mbele ya daftari lenye tarehe.

HATUA YA PILI: Toa mkataba kabatini

Wengi tulisaini tukiwa na njaa ya kazi. Tukaona mstari wa mshahara, tukaona muhuri, basi. Hata kama umeshasaini, utoe leo uusome kama unavyosoma karatasi ya mwanafunzi, na kalamu mkononi.

Mwajiri anatakiwa akupe kwa maandishi maelezo ya kazi yako, mahali pa kazi, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, saa za kazi, na ujira pamoja na namna unavyokokotolewa. Kama mkataba wako unasema tu "atafundisha masomo atakayopangiwa na majukumu mengine kadiri itakavyoelekezwa", hapo ndipo zamu ya bweni la Jumapili inapotokea. Omba maelezo ya kazi yenye namba: vipindi vingapi kwa wiki, madarasa mangapi, na idadi ya wanafunzi kwa kila darasa. Vipindi 16 vya wanafunzi 30 na vipindi 16 vya wanafunzi 95 ni kazi mbili tofauti kabisa.

Uliza mapema kuhusu miezi ya likizo ya wanafunzi. Nimeona mikataba ya mwaka mzima ambayo utekelezaji wake unasimama wanafunzi wakiondoka, mwalimu anaambiwa mshahara utaendelea ada zikianza kuingia. Kama mkataba ni wa miezi 12, mshahara ni wa miezi 12. Likizo yako ya mwaka ni siku 28 za mfululizo zenye malipo, na hiyo haiondoi mishahara ya siku nyingine zilizobaki.

Kuhusu muda wa majaribio, jua kwamba mfanyakazi mwenye chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo halindwi na vifungu vya kuachishwa kazi isivyo halali. Miezi hiyo fanya kazi kwa uangalifu, tunza kila karatasi, usikope kwa kutegemea mshahara ambao haujakaa.

Halafu vyeti. Usiache cheti halisi ofisini kwa mtu yeyote, hata ukiambiwa wakaguzi wa NACTVET, lile baraza la taifa linalosimamia vyuo vya kati, wanakuja kesho. Wakaguzi wanakuja kweli na wanataka kuona sifa za walimu, ni haki yao. Peleka nakala zilizothibitishwa na wakili, na cheti halisi kionyeshwe ukiwepo wewe, kisha kirudi kwenye begi lako. Mwalimu ambaye vyeti vyake vimefungiwa kabatini kwa mwajiri hawezi hata kuomba kazi nyingine.

HATUA YA TATU: Isome slipu ya mshahara, kisha nenda NSSF

Kila mshahara unapaswa kuja na maelezo ya maandishi ya kilichoingia na kilichokatwa. Kama unapokea ujumbe wa benki tu, omba slipu.

Chukua tena ile 780,000. NSSF ya mfanyakazi asilimia 10 ni 78,000, inabaki 702,000 ya kutozwa kodi. Shilingi 270,000 za mwanzo hazitozwi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, yaani 20,000. Zinazobaki, 182,000, zinatozwa asilimia 20, yaani 36,400. Kodi yote ni 56,400. Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu na hujamaliza, asilimia 15 inakatwa, 117,000. Mkononi unabaki na 528,600. Slipu yako ikitofautiana na hesabu ya namna hii, muulize mhasibu tofauti ni ya nini. Hawezi kukata kitu kingine bila sheria au bila kibali chako cha maandishi. Makato ya "mchango wa mahafali" niliyowahi kuyakuta kwangu hayakuwa na kimojawapo.

Mwajiri naye anaongeza asilimia 10 yake kwenye NSSF, na fedha yote inapaswa kuwasilishwa ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi wa mshahara kwisha. Hapa ndipo pa kukazia macho kuliko mahali pengine pote. Slipu kuandika "NSSF 78,000" hakumaanishi zimefika. Kila baada ya miezi mitatu chukua taarifa ya michango, kwa simu au kwenye ofisi zao, Arusha wapo na Moshi wapo, na uiweke sambamba na slipu zako. Pensheni ya uzee inahitaji michango ya miezi 180. Mwalimu aliyeajiriwa miaka 16 na kukuta miezi 121 kwenye taarifa ameshanyang'anywa uzee wake kimyakimya. Ukikuta pengo, toa taarifa NSSF mara moja. Wao wana mamlaka ya kumdai mwajiri pamoja na adhabu ya kuchelewesha. Wewe unachotoa ni slipu, na slipu zisizotunzwa haziwezi kutolewa.

Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unalipwa na mwajiri peke yake. Ukiona umekatwa wewe, ni kosa.

HATUA YA NNE: Nenda kwa mkuu wa idara ukiwa na karatasi moja

Usiende siku ya kikao, mbele za watu. Omba nusu saa. Salimia kama inavyostahili, hata kama yeye ni mdogo kwako kiumri, kisha weka mezani karatasi moja yenye jumla za daftari lako. Moja tu. Ukibeba daftari zima mtaanza kubishana kuhusu Jumanne ya wiki ya kwanza.

Omba kitu ambacho yeye ana uwezo nacho. Mkuu wa idara hawezi kukuongezea mshahara, lakini anaweza kuhamisha kundi moja, kusogeza vipindi ili upate asubuhi moja tupu, kukubali jaribio moja liwe la maswali ya kuchagua, au kupanga zamu upya. Mimi niliomba asubuhi ya Jumatano isiyo na kipindi. Nikaipata. Muhula ule nilisahihisha mchana kwenye meza, kwa mwanga wa jua, na wanafunzi wangu walipata majaribio yao ndani ya siku 10 badala ya wiki tano. Hilo la pili ndilo nililolitumia kuitetea Jumatano yangu muhula uliofuata.

Mazungumzo yakishindikana, andika barua. Fupi, ya heshima, kitu kama hiki:

YAH: OMBI LA KUPANGWA UPYA KWA MZIGO WA KAZI, MUHULA WA PILI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwa wiki mbili nimeorodhesha saa zangu za kazi kama zinavyoonekana kwenye jedwali nililoambatanisha. Wastani ni saa 53 kwa wiki. Naomba mojawapo ya haya: kundi moja la mwaka wa kwanza lipewe mkufunzi mwingine, au nipatiwe msaidizi wa kusahihisha majaribio, au tukubaliane kwa maandishi malipo ya saa za ziada. Nipo tayari kuonana na ofisi yako wiki hii kwa maelezo zaidi.

Chapa nakala mbili. Moja wanabaki nayo masijala, nyingine wanaigonga muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na unaondoka nayo. Bila muhuri huo hujaandika barua.

KAMA WEWE NI MKUFUNZI WA MUDA

Hapa nazungumza na wale wanaolipwa kwa saa, wengi wakizunguka vyuo viwili au vitatu. Namfahamu mwenzetu anayeishi Rau, Moshi, ana vipindi vya saa 3 Arusha kila Alhamisi. Anaondoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri, kilomita kama 80, anafundisha, wanafunzi wanamzunguka dakika 30, anarudi Moshi saa tisa alasiri. Chuo kinahesabu saa 3. Akitoa nauli ya kwenda na kurudi na chakula, mara nyingi saa moja kati ya zile tatu imeliwa na barabara.

Kabla ya kukubali, gawanya malipo ya siku kwa saa zote ulizotumia tangu ulipofunga mlango wa nyumbani. Hiyo ndiyo bei yako halisi. Kisha omba vitu vinne viandikwe: bei ya kipindi, malipo ya kutunga mtihani, malipo ya kusahihisha kwa kila karatasi, na malipo ya kusimamia mtihani. Chuo kikisema hakina fungu la kusahihisha, basi bei ya kipindi ipande. Na vipindi vyako vyote viwekwe siku moja. Mimi siwezi kumshauri mtu apande gari Moshi hadi Arusha mara mbili kwa wiki kwa saa mbilimbili.

Saini kitabu cha mahudhurio ya darasa kila kipindi na upige picha ukurasa huo. Mwisho wa muhula ndicho kitakacholipa.

HATUA YA TANO: Mshahara ukichelewa

Hii niliishi.

Chuo kimoja nilichofundisha kilianza kuchelewesha mwezi wa nane. Mhasibu, dada mpole, alikuwa anasimama mlangoni: "Walimu wangu, ada hazijaingia, mkuu anaomba mvumilie hadi tarehe 15." Tulivumilia. Tarehe 15 ikawa tarehe 30, mwezi wa nane ukaingia wa tisa, wa tisa ukaingia wa kumi. Tulikuwa tunakopeshana nauli ya vifodi. Mmoja wetu aliingia kwenye mikopo ya kausha damu, alikopa 300,000 na kila wiki riba ilikuwa inakula zaidi ya alichoweza kulipa, mpaka wakaja kubeba runinga ya watoto. Tulifundisha muda wote huo. Hatukukosa kipindi.

Nilipofika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, ilikuwa mwezi wa kumi na mbili. Ofisa akaniuliza swali moja: "Mwalimu, mshahara wa kwanza ulitakiwa kulipwa lini?" Nikamwambia. Akanionyesha muda uliopita. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa CMA ndani ya siku 30, na migogoro mingine, ikiwemo mishahara, ndani ya siku 60. Madai ya mwanzo yalikuwa yameshapitwa, ikabidi niombe kuongezewa muda na kueleza sababu. Sababu yangu ilikuwa "tuliahidiwa". Akaniomba karatasi ya ahadi. Ahadi zote zilitolewa mlangoni.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Siku ya tano baada ya tarehe ya mshahara kupita, andikeni barua ya pamoja kuuliza utalipwa lini, na ombeni jibu la maandishi. Wakijibu kwa mdomo, andikeni nyingine: "Tunarejea mazungumzo ya tarehe fulani ambapo uliahidi malipo yatafanyika tarehe fulani." Gongesheni muhuri. Ukutani kwako weka alama siku ya 30 na siku ya 45. Ikifika siku ya 30 bila fedha, nendeni kwa Afisa Kazi wa mkoa. Anaweza kumkagua mwajiri na kumpa amri ya kutekeleza sheria, na mara nyingi gari la Afisa Kazi likiingia getini fedha inapatikana. Ikifika siku ya 45, jazeni fomu namba moja ya CMA, mwajiri apewe nakala yake, kisha iwasilishwe kwenye ofisi ya CMA, Arusha au Moshi kulingana na mlipo. Kwanza kuna usuluhishi, ambao kisheria una siku 30, na kesi nyingi za mishahara zinaishia hapo kwa makubaliano ya kulipa kwa awamu. Unaweza kwenda mwenyewe, au na kiongozi wa chama chako cha wafanyakazi, au na wakili.

Walio kwenye vyuo vya umma wana njia yao: mtumishi wa umma anatakiwa amalize kwanza ngazi za rufaa zilizopo kwenye Sheria ya Utumishi wa Umma.

Na tafadhali, usiache kazi kwa hasira. Ukiondoka bila barua watasema uliacha mwenyewe, na itakubidi uthibitishe kwamba walikufanya usiweze kubaki. Ukiambiwa na mwajiri usije tena, omba barua, na kuanzia siku hiyo hesabu siku 30.

Kuhusu fedha ya kuvukia miezi mibaya: vyuo vyetu vinaishi kwa ada, na ada zina msimu. SACCOS au kikoba cha walimu 15 wanaoweka 20,000 kila mwezi kina shilingi milioni 3 na 600,000 baada ya mwaka. Hiyo inatosha kumpa kila mmoja mkopo mdogo wa dharura bila kumkimbilia yule wa kausha damu. Anzeni mwezi wa kumi na moja, fedha ikiwepo.

SAUTI, MGONGO NA USINGIZI

Chombo chetu cha kazi ni koo. Fundi anatunza msumeno wake, sisi tunapiga kelele juu ya mabati.

Wakati wa masika, mvua ikianza kugonga bati katikati ya kipindi, nyamaza. Usishindane nayo. Andaa mapema zoezi la kuandika la dakika 20 kwa ajili hiyo na liwe kwenye begi tangu mwezi wa tatu. Usiongee huku umegeukia ubao, andika kwanza, geuka, ndipo useme. Chaki ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu. Kunywa maji kidogokidogo kabla koo halijakauka, hasa Moshi ile ya Januari na Februari. Ukiona wanafunzi wa nyuma wanatega sikio, sogea katikati ya darasa kabla ya kupandisha sauti. Sauti ikikwama zaidi ya wiki tatu, acha tangawizi na limao uende kwa daktari wa koo. KCMC pale Moshi wana idara ya masikio, pua na koo.

Kuugua kuna haki zake na tunazitupa. Ndani ya mzunguko wa miezi 36 una siku 126 za likizo ya ugonjwa, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, ukiwa na cheti cha daktari. Mama anayejifungua ana siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi ana hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Mwambieni mwajiri angalau miezi mitatu kabla. Saa hizo mbili ziingizwe kwenye ratiba ya vipindi tangu mwanzo, maana ukiacha ziombwe kila siku hazitapatikana. Baba ana siku 3 ndani ya wiki ya kwanza. Msiba wa karibu, au mtoto kuugua, siku 4.

Simu nayo. Kundi la darasa linaita mpaka saa sita usiku: "Mwalimu, kesho kuna test?" Mwambie kiongozi wa darasa, yule CR wao, kwamba maswali ya darasa yanapitia kwake na unajibu kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Dharura ya ugonjwa au usalama wapige wakati wowote. Wiki ya kwanza watakuona umebadilika. Wiki ya tatu wamezoea, na wameanza kujibizana wenyewe kwa wenyewe, jambo ambalo ni elimu pia.

Kuna uchovu mwingine wa tofauti. Shirika la Afya Duniani liliutambua mwaka 2019 kama tatizo linalotokana na msongo wa kazi usiodhibitiwa: nguvu kuisha, moyo kuwa mbali na kazi, na kujiona hufanyi lolote la maana. Sisi tunausema kwa maneno mafupi, "niko tu", "nasukuma siku". Niliusikia kwangu siku nilipokuta nimesahihisha karatasi kumi bila kusoma hata moja. Mikono ilikuwa inaweka tiki. Nilifunga bahasha, nikazima taa, asubuhi nikaomba likizo yangu ya siku 28 ambayo sikuichukua miaka miwili. Ukifika hapo usiombe ushauri wa jinsi ya kuvumilia. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, nenda kwa daktari, na punguza kitu kimoja kinachoonekana kwenye ratiba.

MSIENDE MMOJA MMOJA

Karatasi ya mwalimu mmoja ni malalamiko. Karatasi za walimu tisa zenye jedwali la aina moja ni hoja ya idara. Kubalianeni kila mmoja ahesabu wiki mbili zilezile, jumla ziwekwe pamoja, majina yabaki nyuma. Vyama vipo: THTU na RAAWU kwa taasisi za elimu ya juu na utafiti, CWT kwa walimu. Hata mkiwa wanachama wachache chini ya kumi kazini mna haki ya kuwa na mwakilishi mmoja anayetambulika, na kumfukuza mtu kwa sababu ya kujiunga na chama ni kosa kisheria.

Mkiandika tamko la pamoja, linafaa kutaja Pendekezo la UNESCO la mwaka 1997 kuhusu walimu wa elimu ya juu, linalotaka mzigo wa kazi uwe wa haki na umwezeshe mwalimu kutimiza wajibu wake kwa wanafunzi. Halina nguvu ya amri hapa kwetu. Ila bodi za vyuo zinapenda kusikia zinafuata viwango vya kimataifa, basi wasomeeni.

UKIONDOKA

Notisi ya anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, yako kwao na yao kwako. Kama mkataba ulikuwa wa muda maalumu na kila mwaka walikuahidi kuuhuisha, tunza ahadi hizo kwa maandishi, maana kukataa kuhuisha mkataba uliokuwa na matarajio ya msingi kunaweza kuhesabiwa kuwa kuachishwa kazi. Dai mshahara wa siku ulizofanya kazi na fedha ya likizo ambayo hukuichukua. Wakikuachisha wao baada ya mwaka au zaidi, kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10, isipokuwa kwa makosa kama utovu wa nidhamu.

Omba cheti cha utumishi kabla hujarudisha funguo. Kagua jina lako liendane na kitambulisho cha NIDA herufi kwa herufi, kagua tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na masomo uliyofundisha. Kisha simama palepale masijala mpaka wakigonge muhuri.